Tarakimu Sitini Ruaha Mbuyuni: LUKU Ilipobadili Ufunguo

*Mita za umeme wa kulipia kabla zilifikia ukomo wa hesabu yake Novemba 2024, zikaokolewa na vidole vya wateja wenyewe. Mita zinazozifuata hazitahitaji vidole vya mtu.*

Na Mwandishi Wetu, Ruaha Mbuyuni

Jokofu la duka lilikuwa limenyamaza tangu alfajiri, na chupa za soda ndani yake zilikuwa zimeanza kushika joto la bonde, wakati mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga, alipoketi juu ya kreti tupu kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, rimoti ya LUKU mapajani na simu mbele ya macho, akijaribu tena kuilisha mita tarakimu alizoletewa.

Alikuwa amenunua umeme wa shilingi elfu tano, kama ilivyokuwa ada yake. Walakini ujumbe uliomrudia haukuwa ule wa siku zote wenye tarakimu ishirini. Ulikuwa na mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini, sitini kwa jumla. Naye kwa mazoea aliyaruka mawili ya kwanza akaingiza la mwisho, alilodhani ndilo lenye uniti, mita ikakataa. Akarudia, mita ikakataa tena.

Mbele yake malori yaliyokwisha kuteremka mlima wa Kitonga yalikuwa yamesimama yapoze breki, na wachuuzi wa vitunguu, zao lililokipa sifa kijiji hiki cha wilaya ya Kilolo, walikuwa wakiyakimbilia madirisha ya mabasi na bidhaa zao mikononi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama mtu aliyegombana na mita, ila mpwa wake, kijana wa bodaboda, aliyeegesha pikipiki, akaitwaa simu na kuusoma ujumbe tangu mwanzo.

“Shangazi,” akasema, “haya mawili ya juu si umeme, ni ya kuifungua mita. Tuanze nayo.”

Akamsomea tarakimu nne nne, naye akabonyeza bila haraka, kila nne akirudia kwa sauti kabla ya kuendelea. Fungu la kwanza likapokewa, la pili likapokewa, na la tatu lilipoingia jokofu likatoa mngurumo. Kijana akaondoka na abiria wake, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2024 jambo hilo lilitendeka katika nyumba zisizohesabika za Tanzania, na za Kenya, Uganda na Afrika Kusini pia. Nyumba hizo zote zilikuwa zikihamishwa kutoka utaratibu mmoja wa hesabu kwenda mwingine, na aghalabu wenyewe hawakujua kuwa wanahama.

Hesabu iliyoanza mwaka 1993

Asili ya kadhia hii haiko Ruaha Mbuyuni wala haiko makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO. Iko Afrika Kusini, ambako mwanzoni mwa miaka ya tisini shirika la Eskom, likiwa na azma ya kuwafikishia umeme watu wengi waliokuwa wamenyimwa, lilihitaji mita isiyotaka msomaji wa kupita nyumba kwa nyumba wala waya wa simu wa kuiunganisha na ofisi. Wahandisi wakabuni utaratibu wa kuuza umeme kwa tarakimu, ambao baadaye ulikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa. Ndio unaotumiwa na LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia.

Hikima ya utaratibu huo ni kwamba mita haizungumzi na mtu yeyote. Ndani yake umefichwa ufunguo wa siri, na ofisini kwa muuzaji umo ufunguo ulio mwenzake. Mteja alipapo, kompyuta ya muuzaji huifungasha idadi ya uniti pamoja na alama za uhakiki, huifumba kwa ufunguo ule, na kutoa tarakimu ishirini ambazo katika dunia nzima hakuna mita itakayozielewa isipokuwa moja. Tarakimu hizo zaweza kuandikwa nyuma ya pakiti ya sigara au kutumwa na mtoto aliye Dar es Salaam kwa mamaye aliye kijijini, na zikifika kwenye mita yake zitafanya kazi, hata kama siku hiyo mtandao wa simu umezimika bonde zima.

Ndani ya kila fungu hilo mna jambo jingine: dakika ambayo umeme ule uliuzwa. Mita huikumbuka, ili tarakimu zilizokwisha kutumika zisiingizwe mara ya pili. Dakika hizo huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kuziandika ni ya alama 24 za sifuri na moja, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya dakika 16,777,216, muda usiotimia miaka 32. Waliokadiria hivyo mwaka ule bila shaka waliona miaka 32 ni mingi.

> *Dakika 16,777,216 tangu Januari 1993 zilitimia tarehe 24 Novemba 2024.*

Siku hiyo hesabu ilikuwa irudi sifuri, kama namba za kilomita katika lori la zamani zinavyorudi kwenye sifuri baada ya safari nyingi, na umeme wowote utakaouzwa baadaye ungeonekana mbele ya mita kuwa umeuzwa mwaka 1993, ni mkuukuu, nao ungekataliwa. Umeme uliokwisha kuingizwa ungeendelea kuwaka hadi uishe. Baada ya hapo, giza.

Dawa ilikuwa kuhamisha mwanzo wa hesabu kutoka 1993 hadi 2014, na kuipa kila mita ufunguo mpya utakaoendana na mwanzo huo. Ufunguo huo ni mrefu mno kuingia katika fungu moja la tarakimu ishirini, ndiyo sababu ukakatwa nusu mbili. Hayo ndiyo yale mafungu mawili ya juu ambayo mwenye duka aliyaona hayana faida. Hayakuongeza hata nukta ya uniti, walakini bila ya hayo la tatu lilikuwa tarakimu tupu.

Mto upitao kijijini

Pana jambo ambalo mgeni wa Ruaha Mbuyuni hulifikiri asimamapo darajani. Maji ya Ruaha Mkuu yapitayo hapo yamekwisha kufanya kazi huko juu, katika mitambo ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80, nayo yanateremka kwenda kufanya kazi ya pili Kidatu, megawati 204, kisha yaingie Rufiji na kukutana na bwawa la Julius Nyerere, ambalo uwezo wake wote ni megawati 2,115. Kijiji kimekaa katikati ya mashine, mibuyu ikiyatazama maji yanapita.

Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ndio uliokuja kuifanya habari ya nguzo na nyaya kuwa ya vijiji na si ya miji pekee, hata ikawa mwananchi wa kijijini huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Kwa hiyo katika maelfu ya kaya za nyanda hizi LUKU ndiyo mita ya kwanza na ya pekee waliyopata kuijua. Hawakuwahi kuletewa ankara ya mwisho wa mwezi, na umeme kwao ni kitu kinunuliwacho kama mafuta ya taa, cha leo kwa leo.

Mtumiaji mdogo, ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ananunua wa elfu moja leo, wa elfu mbili kesho kutwa, na kila anunuapo hubonyeza. Watu wa namna hii hawakuwa wageni wa vitufe, na nadhani jambo hilo liliinusuru nchi Novemba ile kuliko matangazo yote ya redioni.

Waliosema ni jambo sahali

Upande wa shirika hoja ilikuwa nyepesi na, kwa insafu, ilikuwa ya kweli. Mteja hakutakiwa kulipa chochote. Hakutakiwa kusafiri wala kumwita fundi. Alitakiwa anunue umeme kama siku zote, apokee mafungu matatu badala ya moja, na ayaingize kwa taratibu yalivyopangwa. Zoezi lilikwenda kwa awamu, kanda baada ya kanda, tangu katikati ya mwaka 2024. Kenya Power nayo iliwahimiza wateja wake vivyo hivyo.

Lau kazi hiyo ingefanywa kwa mafundi kupita nyumba kwa nyumba, kuanzia Tunduma hadi Tanga, sijui ingekwisha mwaka gani.

Na waliosema hawakuulizwa

Walakini sahali kwa wengi haiwi sahali kwa wote. Waliopata taabu hawakuwa wajinga, kama ilivyonongonwa mitaani. Walikuwa watu ambao hali zao hazikufikiriwa na waliouandika ujumbe ule.

Wa kwanza ni wapangaji. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, ambamo kila mpangaji huchangia umeme kwa zamu na kila zamu ina lawama zake, haina mtu mmoja wa kuupokea ujumbe. Mmoja ananunua kwa simu yake, anaona tarakimu sitini, anadhani ametapeliwa, anaufuta. Mwenzake ana tarakimu alizonunua wiki iliyopita akaziweka akiba kwa siku ya shida. Ufunguo wa mita ukishabadilishwa, akiba hiyo haitambuliki tena, maana ilifumbwa kwa ufunguo wa zamani. Shilingi zilizokaa ndani yake zinadaiwa ofisini, na ofisi iko mbali.

Wa pili ni wenye rimoti zilizokufa. Mita nyingi siku hizi hazikai ukutani. Ziko juu ya nguzo, mbali na mikono ya wajanja, na mteja hubakiwa na kibonyezo cha mkononi ambacho betri zake huhamishiwa redioni kukiwa na mpira wa Simba na Yanga, zikarudi zimechoka. Kibonyezo kikizima katikati ya fungu la pili, mtu hajui kama nusu ya ufunguo imeingia au haikuingia.

Tena wapo wazee. Kuzisoma tarakimu sitini kwenye kioo kidogo cha simu ya vitufe, kwa macho ya miaka sabini, ni ibada ya uvumilivu. Aliye na mjukuu alisaidiwa. Asiye na mjukuu alimpa simu yake kijana wa jirani, na pamoja na simu akampa siri ya mfuko wake, kwani katika simu hiyo hiyo mna pesa.

> *Hawakutakiwa kulipa chochote. Walitakiwa kuelewa, na kuelewa nako kuna gharama yake.*

Wingi wa taabu hizo ulikwisha baada ya siku mbili tatu. Nazitaja si kwa kulaumu mabadiliko, ambayo hayakuepukika, bali kwa kuwa yako mabadiliko mengine njiani.

Nyumba za mbali zilizozimwa na seva

Ulaya na Marekani kuna watu ambao taa, makufuli, mapazia na viyoyozi vyao vyote hutii amri ya simu. Wao wameyaonja mabadiliko ya namna hii kwa uchungu zaidi. Kampuni ya Nest ilinunua mwaka 2014 kampuni iliyotengeneza chombo cha kuongozea nyumba kiitwacho Revolv, na Mei 2016 ikaizima seva yake. Vyombo vilivyolipiwa kwa fedha taslimu vikawa sanduku la plastiki ukutani. Mwezi Aprili 2022 seva za Insteon zilizimwa ghafla, wateja wasipewe hata taarifa, wakajua kwa kuwa simu zao hazikuweza tena kuwasha taa zao.

Ndipo wengi wakahamia programu kama Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo haitegemei seva ya mtu. Huwekwa katika kompyuta ndogo ndani ya nyumba yenyewe, na mtandao ukikatika nyumba huendelea na mambo yake. Matajiri wa teknolojia, baada ya hasara, walirudi kwenye kanuni ambayo mita ya LUKU ya mwenye duka wa Ruaha Mbuyuni ilizaliwa nayo.

Wala si mbali hivyo. Kabla ya nguzo za REA, na hata baada yake, kaya nyingi za Tanzania zilikopa mitambo ya sola yenye laini ya simu ndani yake: ukilipa rejesho, taa zinawaka, ukichelewa, chombo hujifunga kwa amri itokayo mbali. Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na wateja wengi nchini mwetu, ilishindwa kulipa madeni yake Aprili 2019, na mwaka huo huo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Mkulima aliyekopa paneli alijikuta mkopeshaji wake amekuwa mtu mwingine, katika nchi nyingine, naye hakushauriwa. Kama Engie isingetokea, nani angelitoa amri ya kulifungua sanduku la yule aliyemaliza deni lake?

Mita janja inakuja

TANESCO sasa imeanza kufunga mita janja. Mteja akilipa, uniti huingia zenyewe. Hakuna tarakimu, hakuna rimoti, hakuna mpwa wa kuitwa barabarani. Shirika nalo litajua transfoma gani imezidiwa na mtaa gani umekosa umeme kabla hajapiga simu mtu, na mwizi wa umeme hatapata pa kujificha. Hizo ni faida kubwa, na mwenye kuzibeza hajapata kukaa siku mbili akingojea gari la dharura.

Wanaozipokea kwa hadhari wana hoja mbili, nami naziona nzito.

Ya kwanza ni kwamba mita isiyohitaji mkono wa mteja haimpi mteja njia ya pili mkono wa shirika unapokwama. Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU uliharibika, na kwa siku kadhaa watu nchini walizunguka na fedha mikononi pasipo mahali pa kununua umeme. Siku ile aliyekuwa na tarakimu za akiba ndani ya daftari aliziingiza, akawasha taa. Katika mita janja akiba ya daftarini haipo, isipokuwa waliotengeneza wakiacha makusudi mlango wa kuingizia tarakimu kwa mkono. Na bondeni huku, chini ya magenge ya Kitonga, ambako mtandao wa simu huja na kuondoka kwa kadiri mtu anavyopinda na barabara, mlango huo si anasa.

Ya pili ni mamlaka. Kompyuta inayouza umeme ikisha kuwa na njia ya kufika katika kila nyumba, huwa vigumu kuizuia isibebeshwe mizigo mingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa ndani ya LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Yule mwenye duka, katika elfu tano zake za kwanza za mwezi, hutoa kwanza kodi ya jengo. Ikiwa ni mpangaji analipa kodi ya nyumba isiyo yake, kisha akabishane na mwenye nyumba arudishiwe. Sisemi kodi hiyo ni haramu; kodi lazima ilipwe. Nasema iliingia kwa mlango wa umeme kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

> *Mita inayohesabu kila nusu saa inajua nyumba imeamka saa ngapi, imelala saa ngapi, na ni lini haina mtu.*

Seuze mita itakayopeleka habari mchana na usiku. Kwa hesabu za namna hiyo mwenye kuzishika huweza kujua kuwa familia imesafiri mazishini, au kuwa chumba cha uani kimepata mpangaji. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume yake. Habari za mita ni habari za mtu faraghani kwake, nazo zinastahili kutajwa kwa jina pale mteja anapofungiwa mita mpya, kwa Kiswahili, si kwa maandishi madogo ya kizungu chini ya fomu.

Kinachodaiwa

Mwandishi haoni sababu ya kuikataa mita janja, na haoni pia sababu ya kuipokea kwa kufumba macho. Mabadiliko ya 2024 yalifaulu kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na vitufe, na nyuma ya vitufe palikuwa na mtu. Kuviondoa kwa jina la kumrahisishia mtu huyo ni kumpunguzia kazi na kumpunguzia kauli kwa wakati mmoja, na mizani ya mambo hayo mawili haiwezi kushikwa na muuzaji peke yake.

Kazi hiyo ni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo tozo yake ya asilimia moja imo katika kila umeme tununuao. Iandike katika masharti ya mita janja kwamba kila moja, hata iwe janja kiasi gani, ipokee tarakimu kwa mkono. Kwamba kabla ya kubadilishwa kitu chochote ndani yake mteja aarifiwe kwa lugha anayoielewa. Na kwamba akiba ya mteja haitapotea kwa kubadilishwa ufunguo. Haya si mambo ya kungojea, kwa kuwa mita zimekwisha kuanza kufungwa, na sharti likiwekwa baada ya mita kufungwa gharama yake huwa ya mteja.

Zile za zamani zilizohamishiwa hesabu ya 2014 zitaifikia tena sifuri yao Novemba 2045.